Kabla Daktari Akuandikie Dawa, Muulize Alitafuta Wapi

Leo nitaudhi makundi mawili ya watu. La kwanza ni madaktari wanaosomea uzamili, wale wanaoshinda wodini usiku kucha na bado wana tasnifu ya kuandika. La pili ni wasee wangu wa mtaa wanaowaandikia hao madaktari sura ya pili ya tasnifu, pesa inaingia kwa M-Pesa, kila mtu anaenda zake. Nawapenda wote wawili. Lakini tukiendelea kunyamaza, atakayeumia ni mama yako amelala kitandani akiamini kwamba aliyesimama mbele yake anajua anachofanya.

Msimamo wangu ni huu: kutafuta tafiti zilizokwisha kufanywa ni sehemu ya tiba, kama kupima presha ilivyo sehemu ya tiba. Na mtu anayeijua hiyo kazi kuliko wengi pale hospitalini ni mkutubi. Yule tunayemuona amekaa kimya nyuma ya meza, tunadhani kazi yake ni kupiga mihuri na kuambia watu wanyamaze.

Najua swali linalokuja. Wewe uliacha chuo, utatuambia nini kuhusu uzamili wa udaktari? Haki yako kuuliza. Niliacha mwaka wa pili, karo ikatushinda nyumbani, nikarudi Kitengela nikaanza kutengeneza video. Na kuna jambo ambalo anayeacha chuo hulijua mapema kuliko wote. Siku jina lako likitoka kwenye orodha ya wanafunzi, hakuna askari anakuja kukupokonya kitabu. Kinachokatwa ni akaunti ya maktaba. Unaandika neno lako la siri kama jana, mlango unakataa. Makala uliyokuwa unasoma nusu sasa inakuitisha dola. Kwa hivyo kwenye somo la kufungiwa nje ya maarifa, mimi nimehitimu kabisa.

Tena kazi yangu yenyewe inanilazimisha. Nikitaka kutoa video kuhusu maji ya boza au dawa ya minyoo, siwezi kusema tu "utafiti unaonyesha" halafu nitokomee. Watu wa hapa watakuuliza utafiti gani, ulifanywa wapi, na nani. Wakati mwingine nawaza, kama wafuasi wa TikTok wanadai hivyo kwa kijana hana cheti, mbona hatumdai daktari?

Hebu kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana hata mimi mwanzo lile jina lilinitisha. Mapitio ya kimfumo. Linasikika kama kitu cha KRA. Lakini wazo lenyewe ni rahisi. Badala ya kusoma makala tatu zinazokubaliana nawe na kuandika "wataalamu wanasema", unaweka swali moja wazi: kwa watu gani, tiba gani, ikilinganishwa na nini, ili tupate matokeo gani. Unaandika mpango wako kabla ya kuanza na kuusajili mahali ambapo watu watauona. Kuna rejista inaitwa PROSPERO ya Chuo Kikuu cha York kule Uingereza, ilifunguliwa mwaka 2011, kazi yake ni hiyo. Kisha unatafuta kila mahali panapowezekana, si mahali pamoja. Watu wawili wanachuja makala, kila mmoja kivyake, ili mmoja akisinzia mwingine aone. Unahesabu ulizopata, ulizotupa, na kwa nini ulizitupa. Unapima ni tafiti zipi zilifanywa vizuri na zipi ni za kubahatisha. Mwishowe unaziunganisha useme ukweli unaegemea wapi.

Kuna hata orodha ya mambo 27 unayopaswa kuripoti, inaitwa PRISMA, ilitoka 2009 na kurekebishwa 2020. Ukiisoma utaona ni kama ile orodha ya fundi mzuri wa magari: oili, breki, taa, tairi. Hakuna uchawi. Ni uaminifu tu ulioandikwa mstari kwa mstari.

Sasa nikupe sababu ya kuogopa.

Mwaka 2001, pale Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, kulikuwa na msichana anaitwa Ellen Roche. Alikuwa na miaka 24, karibu rika langu, mzima wa afya. Alijitolea kwenye utafiti wa pumu. Walimpa avute kemikali inayoitwa hexamethonium. Mapafu yake yakaharibika, akafariki mwezi Juni mwaka huo. Uchunguzi ulipofanywa, ikaonekana kwamba mtafiti alikuwa amepekua PubMed, ambayo wakati ule ilirudi nyuma hadi mwaka 1966 tu. Makala zilizoonya kwamba dawa hiyo huumiza mapafu zilikuwepo. Zilichapishwa miaka ya 1950. Zilikuwa kwenye rafu, kwenye karatasi, zikingoja mtu ainuke kwenye kiti azitafute.

Nimesoma hiyo habari mara kadhaa na kila mara nasimama pale pale. Hakuna aliyemchukia yule dada. Hakuna aliyekuwa mjinga. Hicho ni chuo kinachoheshimika dunia nzima. Walitafuta, lakini hawakutafuta vya kutosha.

Wengine mtasema hiyo ni Marekani. Sawa, turudi nyumbani.

Kwa miaka mingi, mtoto akiletwa hospitali na homa kali, mzunguko wake wa damu umelegea, mafunzo mengi yalisema mpe maji ya dripu haraka haraka. Ilionekana ni jambo la wazi, halina haja ya kuulizwa. Halafu kukafanywa utafiti mkubwa Kenya, Uganda na Tanzania, ukiongozwa na Kathryn Maitland kutoka Kilifi, unaitwa FEAST. Watoto 3,141 waliingia kwenye sehemu yake kuu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Waliopewa maji ya haraka, karibu asilimia 10.5 walikufa ndani ya saa 48. Wale ambao hawakupewa hayo maji ya haraka, asilimia 7.3. Soma tena. Ile tiba tuliyodhani inaokoa ndiyo iliyozidisha vifo, na waliotuonyesha ni watoto wa Kilifi, Mbale, Soroti, Muheza na kwingineko hapa hapa kwetu.

Sasa mfikirie daktari aliyemaliza chuo 2009, akapelekwa wilaya ya mbali, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kutafuta. Kichwani mwake bado ni 2009. Si mvivu, anafanya kazi kuliko mimi na wewe. Lakini maarifa yana tarehe ya kuharibika kama maziwa, na asiyejua kutafuta anakunywesha watu maziwa ya jana.

Mfano wa pili ni wa hapa kwetu kabisa, na inaniudhi kwamba wengi wetu tuliozaliwa Kajiado hatujawahi kuusikia.

Miaka ya 1990, watafiti wakiongozwa na Ronán Conroy kutoka Ireland walifanya kazi na familia za Wamaasai hapa Kajiado. Swali lao lilikuwa rahisi hadi unaweza kulicheka: ukijaza maji kwenye chupa ya plastiki na kuiweka juu ya paa ipigwe na jua mchana, mtoto atahara kidogo kuliko yule ambaye chupa yake imekaa ndani ya nyumba? Utafiti wa kwanza ulikuwa na watoto 206 wa miaka 5 hadi 16, ukatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1996. Kuhara kukali kulipungua. Wa pili ulitoka 1999, watoto 349 walio chini ya miaka 6. Upande wa jua, katika kila wiki mbili walizofuatiliwa, asilimia 48.8 waliripotiwa kuhara. Upande wa pili ni asilimia 58.1. Kisha kipindupindu kikalipuka eneo hilo hilo, watafiti wakarudi kuangalia. Kati ya watoto 155 wadogo waliokunywa maji ya jua, waliougua ni 3. Kati ya 144 wa upande mwingine, waliougua ni 20. Hiyo ilichapishwa 2001.

Watatu kwa ishirini. Kwa chupa ya soda na jua la bure la Kajiado.

Usishangilie bado, maana hapa ndipo mapitio ya kimfumo yanapoonyesha kazi yake. Mwaka 2009 kukatoka utafiti wa maji ya jua Bolivia, vijiji vya mashambani, na wao hawakupata tofauti ya maana. Sasa uamini nani? Mwenye kupenda jua atakuonyesha Kajiado. Mwenye kuuza mashine za maji atakuonyesha Bolivia. Wote wana makala mkononi na wote wanasema "utafiti unaonyesha". Ndiyo maana neno hilo peke yake halina uzito. Mtu yeyote anaweza kuchuma utafiti mmoja kama anavyochuma embe.

Shirika la Cochrane, lililoanzishwa 1993 na kupewa jina la daktari Mskoti Archie Cochrane, liliweka mezani tafiti zote za kusafisha maji ya kunywa. Toleo la 2015 lilikusanya 55. Lilipounganisha zile za chupa juani, ile ya Bolivia ikiwemo, likasema njia hiyo huenda inapunguza kuhara kwa karibu theluthi moja. Kuchuja maji nyumbani, huenda kwa karibu nusu. Na likaandika wazi ni wapi ushahidi una nguvu na wapi ni dhaifu. Hivyo ndivyo mtu mzima anavyozungumza. "Huenda" yenye kazi nyuma yake ni bora kuliko "hakika" ya mtu aliyesoma makala moja kwenye mat akielekea kazini.

Na hili si jambo la maktaba tu. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 ulifika kaunti hii yetu. Hapa Kitengela nusu ya watu wananunua maji ya mitungi kwa mkokoteni, wengine wana kisima chenye maji ya chumvi, wengine wanangoja boza. Mama anauliza: nichemshe, niweke dawa, ninunue chujio, au nianike chupa? Jibu lililopimwa lipo. Sehemu ya jibu hilo ilitoka kwa watoto wa kaunti yake. Tatizo ni nani atalifikisha kwake.

Sasa jaribu kulitafuta hilo jibu mwenyewe, ndiyo utajua kwa nini nasema mkutubi ni mtu muhimu. Daktari mchanga anayefanya tasnifu kuhusu kuhara Kajiado ataandika nini kwenye kisanduku cha kutafutia? Kajiado, bila shaka. Lakini hizo makala tatu nilizotaja, neno Kajiado haliko kwenye kichwa cha hata moja. Ile ya 1996 inataja watoto wa Kimaasai. Ile ya kipindupindu haitaji Kajiado wala Wamaasai, inasema tu watoto walio chini ya miaka 6. Halafu kuna tahajia. Waingereza wanaandika "diarrhoea", Wamarekani "diarrhea". Kuna wanaoandika "Maasai" na wanaoandika "Masai". Kuna wanaoita njia yenyewe "solar disinfection" na wanaoiita "SODIS". Ukikosa neno moja, unakosa chungu nzima ya makala, na hutajua umekosa. Hilo ndilo la kutisha. Kisanduku cha kutafutia hakikuambii ulichokosa. Kinakupa kumi, unafurahi, unafunga laptop.

Mkutubi wa tiba anajua hayo yote. Anajua maneno gani yaunganishwe na OR ili wavu uwe mpana, na wapi AND iingie ili wavu usilete takataka. Anajua ile orodha ya maneno rasmi ya kitiba inayoitwa MeSH, ambayo PubMed hutumia kupanga makala hata kama mwandishi alitumia neno lake la nyumbani. Anajua kwamba PubMed haitoshi, kwamba kuna Embase ambayo ni ya kulipia, kuna rejista ya majaribio ya Cochrane, na kuna AJOL, iliyoanzishwa 1998 kukusanya majarida ya Afrika. East African Medical Journal, jarida la madaktari wetu wenyewe tangu miaka ya 1920, ni rahisi kulipita ukitafuta kwa mazoea ya Ulaya. Anajua pia kwamba hifadhi ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Nairobi ina tasnifu za madaktari waliotangulia, bure, na kwamba pengine swali lako lilishajibiwa na mtu aliyekaa kiti hicho hicho kabla yako.

Huo si ukarani. Hiyo ni taaluma. Mwongozo wenyewe wa Cochrane unashauri watafiti wafanye kazi na mkutubi mtaalamu tangu mwanzo. Tangu mwanzo, si siku tatu kabla ya kutetea tasnifu unaenda kumuomba akupangie marejeleo.

Nirudi kwa wasee wangu wa mtaa. Kila mtu hapa anajua hiyo biashara. Kenya tumejulikana dunia nzima kwa kuandikia wanafunzi wa nje kazi zao, na nimekaa na vijana wakali kuliko maprofesa, wanamaliza kurasa ishirini usiku mmoja na taa za stima zinazimika zimika. Siwahukumu. Kodi haingoji, na serikali iliyowaacha bila ajira haina mdomo wa kuwahubiria. Lakini kuandikia mtu wa biashara insha ya masoko, na kumuandikia daktari sura inayoeleza tiba gani inaua na gani inaponya, ni vitu viwili tofauti. Daktari akikulipa umtafutie, wewe ndiye umejifunza kutafuta. Yeye ametoka na cheti. Na mimi sitalazwa kwako, nitalazwa kwake.

Na sasa kuna njia ya mkato mpya, zile programu za akili bandia. Unaiambia ikuandikie mapitio, inakuandikia kwa Kiingereza kitamu, na marejeleo yamejipanga kama askari wa gwaride. Shida ni kwamba baadhi ya hayo marejeleo hayapo duniani. Mwaka 2023 mawakili wawili New York walitozwa faini ya dola 5,000, wao na kampuni yao, kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na programu kama hiyo. Wakili anapoteza pesa na heshima. Daktari anapoteza nini? Tena si yeye anayepoteza.

Haya, wacha niwe mkweli kwa upande wa madaktari pia, kwa sababu si haki kuwapiga mawe tu. Mtu anayesomea uzamili wa udaktari Kenya anabeba wodi mgongoni. Wengine wanajilipia karo na bado wanafanya kazi ya hospitali kutwa. Saa nne usiku, miguu imevimba, unamwambia akae atafute kwenye hifadhidata nne? Na akipata makala, nusu zimefungwa nyuma ya ukuta wa malipo.

Kuna msaada, tena mkubwa. Januari 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji sita wakubwa walianzisha HINARI, ambayo leo ni sehemu ya Research4Life, ili taasisi za nchi zisizo na pesa zisome majarida ya kitiba bure au kwa ada ndogo. Mwaka 2003 maktaba zetu za Kenya ziliungana kwa jina la KLISC kununua majarida kwa pamoja, kama chama cha akina mama wanavyonunua sufuria kwa jumla. Na PubMed yenyewe ni bure kwa yeyote tangu 1997. Hata kwangu mimi niliyefutwa kwenye orodha.

Lakini angalia milango ilivyo. HINARI inapewa taasisi, haipewi mtu. Daktari wa chuo kikubwa Nairobi anaingia. Tabibu wa zahanati kule Bissil, au muuguzi anayetaka kuhakikisha dozi kabla ya kumpa mtoto, anategemea kama kituo chake kimesajiliwa na kama kuna mtu anayelijua neno la siri. Na ni mlango wa hisani. Januari 2011 wachapishaji kadhaa waliondoa majarida yao kwa Bangladesh, watafiti wakaamka wakakuta giza, mpaka kelele zilipopigwa ndipo yakarudishwa. Anayekufungulia mlango kwa hisani anaweza kuufunga kesho asubuhi. Fikiria pia hili: watoto wa Kajiado walitoa miili yao na vinyesi vyao kuhesabiwa ili dunia ijifunze kuhusu maji. Makala ya Lancet ya 1996 iko nyuma ya usajili. Mama wa yule mtoto hawezi tu kuifungua kwenye simu yake akaisoma. Mimi hiyo naiita deni.

Kuna pia wale wakubwa wanaosema mapitio ya kimfumo si utafiti wa kweli, kwamba mtafiti wa kweli lazima aingie wodini achukue damu. Naheshimu shikamoo zenu, lakini hapana. Mwaka 1972 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba dawa ya steroidi ya bei nafuu, akipewa mama anayekaribia kuzaa kabla ya wakati, humsaidia mtoto kupumua. Tafiti nyingine zikafuata. Mapitio ya kuziunganisha hayakuchapishwa hadi 1989. Miaka 17 ushahidi uko, umetawanyika, na watoto njiti wanakufa kwa sababu wakunga na madaktari wengi hawakujua. Cochrane waliuweka mchoro wa tafiti hizo kwenye nembo yao, ili wasisahau. Aliyekaa mezani akaunganisha zile tafiti aliokoa watoto kama aliyeshika kisu. Na kumchoma mgonjwa sindano ili ujibu swali lililokwisha kujibiwa, hiyo ndiyo naona ni dharau.

Kwa hivyo nadai nini? Mambo manne, na si ya bei ghali.

Moja: kila daktari wa uzamili apewe mkutubi kama anavyopewa msimamizi, jina liandikwe kwenye fomu, na mkutubi akifanya kazi ya kutafuta atajwe kwenye tasnifu kama mshiriki. Mtu akitajwa, atathaminiwa. Akithaminiwa, vijana watataka kuwa yeye.

Mbili: tasnifu isipitishwe bila mkakati wa kutafuta kuandikwa wote. Maneno gani, hifadhidata gani, tarehe gani, ulipata ngapi, ukatupa ngapi. Mtu mwingine aweze kuurudia apate kile kile. Ukilipa mtu akuandikie, kamati ikuulize pale pale: fungua laptop, tuonyeshe. Dakika kumi zinatosha kumjua mwenye kazi.

Tatu: hospitali ya rufaa ya kaunti iwe na mkutubi wa tiba mwenye meza, intaneti na bajeti. Kajiado tuanze sisi. Tumechangia ushahidi kwa dunia tangu miaka ya 1990, tustahili mtu mmoja wa kuturudishia. Akae Kajiado mjini, lakini muuguzi wa Loitokitok aweze kumpigia simu: kuna mgonjwa hivi na hivi, niangalizie. Na mara moja kwa mwezi aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili na kwa Kimaa, usomwe kwa baraza na kwa redio. Maji, chanjo, nyoka, meno ya watoto yanayobadilika rangi. Maswali yetu.

Nne, hii ni yetu sisi tulioachwa nje ya geti. Jifunze kutafuta hata kama hakuna cheti mwisho wake. Bando la mia moja linatosha kuanza. Ingia PubMed, andika swali lako, soma muhtasari, angalia ni watu wangapi, wapi, walilinganishwa na nani. Makala nyingi ni za bure ukijua pa kubonyeza. Na ukienda hospitali, uliza kwa adabu: daktari, samahani, hii dawa umeijua kutoka wapi, na kuna kitu kipya? Daktari mzuri hatakasirika. Nimeona wanaofurahi, maana ni mara chache mtu huwauliza kitu ambacho si bei.

Babu zetu walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Walikuwa wanazungumzia mtoto, lakini daktari naye hajawahi kuacha kuwa mwanafunzi, na mgonjwa ndiye anayelipa karo ya kile ambacho hakuuliza.

Kama wewe ni daktari wa uzamili na umesoma hadi hapa badala ya kulala, asante, na pole kwa kazi. Kesho pita maktaba. Msalimie yule mkutubi kwa jina lake. Kisha mpe swali lako gumu kuliko yote, ukae chini, utazame anavyolitafuta.